Tusiwatishe wanafunzi kwa uchuuzi

Kuna onyo ambalo limezoeleka mno katika madarasa yetu. Mwanafunzi akizembea, mwalimu humwambia: "Usiposoma, utaishia kuuza sukumawiki sokoni!" Darasa zima huangua kicheko. Aghalabu hakuna anayejiuliza ni wangapi kati ya hao wanaocheka ambao karo yao imelipwa kwa sukumawiki iyo hiyo.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Neno "mchuuzi" linatokana na kitenzi "chuuza", yaani kununua vitu na kuviuza rejareja ili kupata faida. Hamna tusi hapo. Hata hivyo, ukimwita mtu mchuuzi leo yamkini ataudhika, ilhali ukimwita mfanyabiashara atatabasamu. Kazi ni moja. Kilichotofautiana ni ukubwa wa duka tu. Jamii ndiyo inayolishusha neno hadhi, na jamii iyo hiyo yaweza kulipandisha. Itakumbukwa kwamba "jua kali" lilikuwa jina la mafundi waliofanya kazi pasipo na kivuli, lakini kufikia mwaka wa 1992 serikali ya Kenya ilikuwa imelitia katika anwani ya waraka rasmi wa sera uliowasilishwa Bungeni.

Kwa mintarafu hii, ningependa tuyatafakari maisha ya Esther Afua Ocloo wa Ghana. Alizaliwa mwaka wa 1919 katika eneo la Peki, baba yake akiwa mhunzi na mama yake mfinyanzi na mkulima. Ufukara uliwabana kiasi kwamba, alipokuwa katika shule ya bweni, alibeba chakula kutoka nyumbani kila wiki na kujipikia mwenyewe. Kwa bidii yake alipata ufadhili wa kusomea Achimota, mojawapo ya shule za kifahari mno nchini humo, tangu 1936 hadi 1941.

Baada ya masomo hayo hakungoja kuajiriwa. Kwa shilingi 10 alizopewa na jamaa yake, alinunua machungwa, sukari na chupa, akapika jemu na kuitembeza barabarani. Waliosoma naye walimcheka: vipi msomi wa Achimota achuuze kama mtu asiyejua kusoma? Hakuwajali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Shule yake ya zamani ikakubali kununua jemu hiyo, kisha na maji ya machungwa. Baadaye alipata zabuni ya kuliuzia jeshi, na kwa nguvu ya zabuni hiyo benki ikamkopesha. Mwaka wa 1942 alianzisha kampuni aliyoipa jina la ukoo wake, Nkulenu. Baadaye alirudi darasani: kati ya 1949 na 1951 alikuwa Uingereza akijifunza mapishi na namna ya kuhifadhi vyakula. Mwaka wa 1959 akawa rais wa kwanza wa shirikisho la wenye viwanda nchini Ghana.

Huenda msomaji akapinga kwamba wachuuzi wanaofika huko ni wa kuhesabika. Ni kweli, na Bi. Ocloo mwenyewe aliufahamu ukweli huo. Asingalifika alikofika lau si jamaa aliyempa mtaji, shule iliyonunua bidhaa zake na benki iliyomwamini. Akina mama wengi wa sokoni walikuwa na bidii kama yake. Walichokosa ni mkopo. Ndiposa mwaka wa 1979 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Women's World Banking, shirika la kuwawezesha wanawake wa kipato cha chini kupata mikopo, akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi yake. Alifariki mwaka wa 2002.

Walimu wenzangu, maisha haya yanatufunza kwamba kitabu na kikapu si maadui. Elimu haikumzuia Bi. Ocloo kuchuuza, wala uchuuzi haukumzuia kurudi kusoma. Tunapomtisha mtoto kwa kazi ya mama yake, tunamfunza mambo mawili maovu kwa mpigo: kwamba amwonee mzazi wake haya, na kwamba akihitimu na kukosa kazi ya ofisini, heri akae bure kuliko kushika kikapu. Kisha twashangaa tunapowaona vijana wenye shahada wakizeeka wakingoja barua za kuajiriwa!

Mwanafunzi mzembe na aonywe, tena kwa ukali ikibidi. Aambiwe kwamba asiposoma hataweza kupiga hesabu ya faida yake, wala kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, wala kumjibu meneja wa benki. Hilo ni onyo la kweli, na mama anayeuza sukumawiki angeliunga mkono kwa moyo wake wote.