SEHEMU YA 3: "Kiti salama", salama kwa nani?

Mama zangu mlioko Australia, nimechoka kusikia hii: "Huku kiti ni cha chama kilekile, kura yangu itabadilisha nini?"

Haya, twende Wagga Wagga. Kiti hicho katika bunge la jimbo la New South Wales kilikuwa cha chama cha Liberal tangu 1957. Zaidi ya miaka 60! Watu wamezaliwa, wameolewa, wamepata wajukuu, chama ni kilekile. Mwaka 2018 mbunge akajiuzulu baada ya kuhojiwa kwenye uchunguzi wa rushwa. Ukaja uchaguzi mdogo Septemba, akashinda Joe McGirr, daktari asiye na chama. Wakamrudisha 2019, wakamrudisha tena 2023.

Na 2018 hakufikisha hata theluthi ya kura za namba 1. Alibebwa na waliompa namba 1 mtu mwingine, kisha wakaendelea kuandika namba. Kwa hiyo usiishie kwenye 1 jamani!

Nesi haya yananihusu nini? Hospitali za umma na shule za serikali za watoto wenu zinaendeshwa na jimbo. Mbunge asiyeogopa kukukosa hana haraka na foleni yako pale dharura saa nane usiku, mtoto anachemka homa. Kiti salama ni salama kwa aliyekikalia tu.

Una uraia? Basi wafanye wahangaike kuitafuta kura yako. Mtumie na shosti yako anayesema "haisaidii".