Macho ya Kwanza Ugenini

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za wafanyakazi pana mtu mwenye nchi yake ya mbali moyoni. Mmoja anaota London, mwingine Marekani, mwingine Uchina. Miaka inapita, karo zinalipwa, harusi zinachangiwa, na nchi ile inazidi kupendeza kwa sababu haijaonwa. Kisha siku moja nafasi inapatikana: masomo, kazi, au mwaliko wa ndugu. Leo tuzungumze juu ya siku za mwanzo za safari ya namna hiyo, maana katika siku hizo mtu huona mengi na kuelewa machache.

Msafiri aliyeota kwa muda mrefu huona kwanza kile alichokwenda kukitafuta. Akitafuta maajabu, atawaletea nyumbani habari za theluji, maghorofa na treni zipitazo chini ya ardhi. Akitafuta dharau, ataiona hata katika uso wa mtu aliyechoka tu na kazi. Na mara nyingi husahau jambo moja kubwa: kwamba wakati anapoitazama nchi ya watu, nchi hiyo nayo inamtazama yeye.

Mfano mchungu wa jambo hili upo hapa hapa nchini, huko Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru, si mbali na Tengeru. Mwezi Oktoba mwaka 1896 walifika hapo vijana wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Kilutheri kutoka nchi za Baltiki, waliotumwa na Misioni ya Leipzig. Walitoka upande wa Kilimanjaro wakiwa na nia ya kujenga kituo cha dini. Lakini wakati huo huo kikosi cha Wajerumani kilikuwa kimepiga kambi karibu, na kwa wenyeji haikuwa rahisi kumtenga mweupe mwenye kitabu na mweupe mwenye bunduki. Siku chache tu zilipita, nao wakauawa usiku pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kisasi cha serikali ya Kijerumani kikawa kikali. Watu wakauawa na mifugo ikatekwa. Ni mwaka 1902 ndipo misioni ilipoanza kazi Nkoaranga. Wageni walikuwa na nia yao, wenyeji walikuwa na hofu yao, wala hapakuwa na muda wa kuulizana.

Zaidi ya nusu karne baadaye, mlima ule ule ulimtoa msafiri wa kwenda kwa wengine. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ya Kiingereza ilianza kuwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet aende New York. Wakili wao katika shauri hilo alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Ifikirie New York ya mwaka ule: makao makuu mapya kando ya mto, na jengo la ghorofa 39 likiangaza kwa vioo. Yalikuwapo mengi ya kukodolea macho. Lakini aliyesafiri kwa michango ya watu waliochomewa nyumba hana nafasi ya kustaajabu tu. Mwezi Desemba azimio la kuwaunga mkono Wameru lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Kirilo hakurudi na ardhi. Alirudi na jambo alilokwenda kulijua kwa macho yake: kwamba mtawala naye anaweza kuitwa mbele ya wengine, akaulizwa. Habari hiyo aliieneza nchini, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliingia katika Baraza lile lile kuitetea Tanganyika kwa niaba ya TANU.

Yupo pia Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 pamoja na Mtemi Makwaia na Francis Lwamgira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kitabu chake alikiita “Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza”. Jina hilo ni somo tosha. Wengi wetu huishia kwenye kuona.

Basi, msomaji, kama wewe au mwanao mnajiandaa kwa safari, fungasheni pamoja na nguo swali hili: nimekwenda kufanya nini, na kwa ajili ya nani? Siku za kwanza tazameni, msihukumu. Salimieni kabla ya kupiga picha. Ulizeni kabla ya kucheka. Nanyi mliobaki, msimdai kijana zawadi kabla hajapata pa kulala, wala msiyaamini mno maneno yake ya juma la kwanza, yawe ya sifa au ya kilio. Ngojeni ya mwezi wa sita. Hapo ndipo nchi aliyoiota itakapokuwa imekwisha, na nchi yenyewe imeanza kuonekana.