Kiatu cha Kwendea Bondeni

Mama mmoja wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, ameniletea barua ambayo nimeisoma mara tatu. Mumewe amepata kibali cha kuwinda, naye pamoja na wenziwe wanakusudia kukaa siku tano porini, wakiyafuata mabonde yanayoteremkia Mto Kagera. Kijana wao wa miaka 19 atafuatana nao kubeba mizigo. Fedha iliyowekwa akiba yatosha kununua jozi moja ya mabuti mazuri ya ngozi kwa ajili ya baba, kijana aende na kandambili zake. Ama jozi mbili za viatu vya bei ya chini. Baba amekwisha kuamua juu ya mabuti. Mama hajatulia moyo, na ameomba nishauri.

Kwanza neno moja juu ya kibali chenyewe. Mapori ya Ibanda na Rumanyika, ambayo wazee wengi wangali wakiyaita mapori ya akiba, yalipandishwa daraja mwaka 2019 yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na ndani ya hifadhi ya taifa hapana ruhusa ya kuwinda. Kibali hutaja mnyama na eneo. Kisomwe vema kabla ya kununua hata kamba ya kiatu.

Sasa tuje kwenye miguu. Wapo wanaodhani kwamba kiangazi cha Julai na Agosti humwondolea msafiri shida ya maji. Huko Karagwe na Kyerwa si hivyo. Juu ya vilima ardhi hukauka ikawa ngumu kama tofali, lakini alfajiri majani marefu hulemewa na umande, na mtu aliyetembea nusu saa huwa amelowa hadi magotini. Chini bondeni mafunjo husimama katika kinamasi mwaka mzima. Kwa hiyo mwindaji hupita katika mawe, umande na tope kwa siku moja, na kiatu kinachofaa mahali pamoja humsaliti mahali pengine.

Mabuti ya mpira ndiyo ambayo wengi huyakimbilia. Ni mazuri kwa kulishia ng'ombe na kwa shamba la migomba. Lakini maji yakipita ukingo wake mara moja tu, mvaaji hubeba ndoo mbili miguuni, na tope zito la mafunjo hulivuta buti likabaki chini huku mguu ukitoka mtupu. Zaidi ya hayo, mguu hutoka jasho ndani yake, kisigino huchezacheza, na kufikia jioni malengelenge yamekwisha kutumbuka. Kwa safari ya siku tano siyapendekezi.

Buti la ngozi hushika kifundo cha mguu vizuri kwenye mteremko wa mawe, na humkinga mtu na miiba. Tena nyoka wengi humuuma mtu chini ya goti, hivyo si haba. Kasoro yake ni kwamba likilowa kabisa halikauki kwa usiku mmoja. Na lililo jipya, ambalo halijavaliwa nyumbani kwa wiki mbili au tatu, ni adui. Namkumbuka binamu yangu aliyeondoka na mabuti yaliyokuwa yangali yaking'aa. Siku ya tatu alirudishwa kwa machela iliyofungwa kwa shuka, na wenziwe wanne waliombeba waliacha nyama yote mwituni.

Habari hiyo ya kubebwa si ngeni Karagwe. Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Grant akaugua mguu vibaya, mwenzake akatangulia Buganda mwezi Januari, na yeye akabaki kwa mwenyeji wao hadi Aprili 1862, alipoondoka akichukuliwa kwa machela. Ugonjwa wake haukuletwa na viatu, nakiri. Lakini tarehe 28 Julai mwaka huo Speke alisimama kwenye maporomoko ambako Mto Nile hutoka ziwani akiwa bila Grant, akieleza kwamba mguu wa mwenzake usingestahimili mwendo wa haraka.

Yupo mwenyeji wa kinamasi ambaye hakuhitaji duka. Nzohe, paa wa majini ambaye wataalamu wamempa jina la huyo huyo Speke, ana kwato ndefu nyembamba zinazopanuka anapokanyaga, hata asizame katika tope. Akiwa juu ya nchi kavu hutembea kwa taabu kidogo. Hata yeye hakupewa kiatu cha mahali pote.

Ushauri wangu, mama, ni jozi mbili. Tafuta viatu vya turubai vinavyofunika kifundo, vyenye soli nene ya mpira iliyochongwa mifereji mirefu iliyoachana, maana mifereji iliyobanana hujaa tope ikawa laini kama sabuni. Turubai huingiza maji, ni kweli, lakini huyatoa vilevile. Jeshi la Marekani lilipopigana Vietnam liliwavika askari mabuti yenye matundu madogo ubavuni ili maji yatoke. Fundi viatu wa sokoni aweza kuyatoboa kwa dakika chache.

Juu ya kandambili za kijana nitasema waziwazi: sikubaliani nazo. Katambuga ya tairi ingekuwa afadhali, lakini nayo huacha ngozi wazi. Mabuu ya safura huingilia ngozi ya mguu uliokanyaga udongo wenye unyevu, kichocho huingilia ngozi iliyo majini, na jeraha dogo la mwiba laweza kuleta pepopunda. Tena kundi la wawindaji hutembea kwa mwendo wa yule mwenye mguu mbovu kupita wote. Baba akiwa na mabuti ya fahari na mwanawe akichechemea nyuma, mabuti hayo yatakuwa yamenunuliwa bure.

Wakapime viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, wakiwa wamevaa soksi watakazokwenda nazo, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. La sivyo kucha zitaumia kwenye miteremko. Soksi za sufi hupatikana kwenye mitumba, na hushinda za pamba, kwani pamba ikilowa hugandamana na ngozi na kuisugua. Kila mmoja awe na jozi moja ndani ya mfuko wa plastiki, ya kulalia tu, wala asishawishike kuivaa mchana. Mguu ukikaa majini siku mbili tatu mfululizo ngozi hugeuka nyeupe, hukunjamana, kisha huuma hata mtu asiweze kusimama. Askari wa Uingereza waliyapata hayo katika mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918, hata wakaamriwa kubadili soksi na kupaka miguu mafuta.

Usiku viatu visiwekwe karibu na moto, maana gundi huachia. Vijazwe magazeti makuukuu, na karatasi zibadilishwe kabla ya kulala. Ukurasa huu nao waweza kutumika, ilimradi baba awe amekwisha kuusoma.