Kabla ya kununua plenamu inayong'aa, tafuta chupa ya maji ya sabuni

Wasee wengi wenye pikapu za dizeli hapa Nairobi wako na ugonjwa mmoja siku hizi: plenamu. Naongelea lile sanduku la alumini lililofungwa kwenye silinda hedi, linalopokea hewa kutoka turbo na intakula na kuigawia kila silinda. Za kununua kando, yaani si za kampuni iliyounda gari, ziko tele mtandaoni, na ukizunguka Kirinyaga Road hukosi mtu wa kukuagizia. Zimeng'arishwa kama sufuria ya bibi harusi. Muuzaji anakuambia utasikia tofauti. Na kweli utasikia. Swali ni kwa nini.

Mimi naona hivi: kwa Hilux, D-Max au Navara ya kazi, pesa ya plenamu mpya mara nyingi inapotea bure. Kinacholeta tofauti ni usafi na kuziba vizuri. Shida ni kwamba hakuna mtu huposti picha ya gasketi.

Tuanze na usafi. Dizeli za kisasa zina valvu ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini ili kupunguza gesi chafu. Moshi huo una masizi. Hewa ya turbo nayo hubeba mvuke wa oili kutoka kwa bomba la kupumulia la injini. Masizi na oili vikikutana ndani ya plenamu vinakuwa kitu kama lami, na baada ya miaka kadhaa njia ya hewa inabaki nyembamba. Sasa msee anatoa plenamu iliyoziba, anaweka mpya, gari inatoka mbio, sifa zote zinaenda kwa plenamu. Angeosha ile ya zamani angepata karibu raha ile ile. Itoe kabisa, tumia dawa ya kuondoa grisi, brashi na subira. Usikubali mtu akuambie uiloweke kwenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Kostiki inakula alumini.

Huu ugonjwa tuliuokota kwa video za Wamarekani na Ram zao za Cummins. Wale wako na sababu. Kwenye injini ya Cummins ya lita 6.7 kuna wavu wa umeme wa kupasha hewa joto wakati wa baridi kali, umewekwa pale pale hewa inapoingilia, na inajulikana kwamba bolti yake inaweza kuungua, ikakatika na kuangukia ndani ya injini. Mtu akibadilisha sehemu hiyo kule, anaokoa injini nzima. Hilux yako hapa inawaka kwa plagi za joto, haina huo wavu. Tena wengi wao wameshaweka turbo kubwa na kuongeza mafuta. Wewe unabeba kabeji kutoka Kinangop.

Si kwamba plenamu mpya hainunuliwi kamwe. Ya zamani ikiwa na ufa, au nyuzi za bolti zimekwisha, nunua. Lakini kwanza angalia upande unaokaa kwenye injini, si ule wa kupigia picha. Plenamu zilizochomelewa hupinda kwa joto la kuchomea. Enda dukani na rula ya chuma iliyonyooka na fila geji. Weka rula kona hadi kona; karatasi ya milimita 0.1 ikipita chini yake, hiyo kitu inahitaji kusagwa kwanza au irudi kwa rafu. Chungulia ndani uone kama kuna matone ya chuma yaliyobaki, kwa sababu yakitoka yanaenda moja kwa moja kwa silinda. Hakikisha kuna mahali pa sensa ya busti na pa EGR. Weka gasketi juu ya mashimo uone kama yanalingana. Muuzaji akikasirika kwa sababu unapima, hilo pia ni jibu.

Sasa kuziba, na hapa ndipo pikapu nyingi zinauawa. Chukulia plenamu yenye mfuniko wa sentimita 30 kwa 8. Hiyo ni sentimita mraba 240. Turbo ikisukuma baa moja, karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba, mfuniko unasukumwa na nguvu kama ya watu watatu wa kilo 80. Halafu fundi anakuambia, "Bosi, paka silikoni tu, itashika." Haitashika. Silikoni ya kawaida, ile ya madirisha na sinki, hulainika ikikutana na oili, na kile kipande kilichofinywa kuingia ndani hukatika na kumezwa na injini. Kama gari lilikuja na gasketi ya chuma, weka gasketi mpya ya chuma, kavu. Kama kitabu kinataka gundi, iwe inayostahimili oili na isiyoharibu sensa, mstari mwembamba, na uipe muda ulioandikwa kwenye chupa. Bolti ambazo shimo lake linatokea ndani ya njia ya hewa zinapakwa gundi ya nyuzi pia.

Kabla ya hapo, ziba mashimo ya injini kwa kitambaa safi na ukwaruze gasketi ya zamani kwa plastiki au mbao. Usiruhusu mtu apitishe msasa wa mashine. Unga wake ukiingia ndani, unasaga injini polepole na hutajua ni nini kilikuuma. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa raundi mbili au tatu, na utumie spana ya kupima nguvu. Alumini haitaki mabavu, na namba iko kwa kitabu cha gari lako.

Ukipuuza haya, gari haitagoma siku hiyo, na ndiyo maana watu wanayachukulia poa. Itatoa moshi mweusi ukipanda mlima na mzigo, itakunywa dizeli zaidi, na turbo, ambayo tayari inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, italazimika kukimbia zaidi kujaza hewa inayotoroka. Nairobi shinikizo la hewa liko chini ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18, kwa hivyo turbo yetu imechoka hata kabla hujavujisha. Kwa mtu anayeshusha miraa kutoka Maua, turbo kufa katikati ya safari ni mzigo kunyauka.

Kipimo ni cha fundi wa pancha. Ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, ziba pia bomba la kupumulia linaloingia hapo, kisha pump hewa polepole, isizidi busti ya kawaida ya gari lako. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, uangalie mapovu. Ukifungua kifuniko cha oili na kusikia hewa ikipumua, usishtuke, inapita kwenye valvu iliyo wazi na ringi za pistoni. Angalia nje. Anza na klipu za mabomba ya intakula, maanake hapo ndipo mapovu hupenda kutokea, na klipu moja mpya haifiki hata robo ya bei ya plenamu.