Mwenye Macho na Aende Akatazame

Ikiwa unaishi katika mji wenye chuo kikuu, na chuo hicho kina kituo cha kutazamia nyota kinachofunguliwa kwa watu wote, si vyema mwaka ukapita hujakanyaga hapo. Wengi wetu tulio ng'ambo hudhani kuba la kituo hicho ni la maprofesa peke yao. Dhana hiyo inatunyima sisi na watoto wetu elimu inayotolewa bure.

Chukua mfano wa Cambridge, Uingereza. Katika Taasisi ya Astronomia ya chuo hicho, Jumatano jioni za majira ya baridi umma hukaribishwa bila kiingilio. Kwanza mtaalamu hutoa mhadhara. Kisha, mawingu yasipofunga anga, watu hutoka kwenda kwenye darubini. Mojawapo ni ile iitwayo Northumberland, iliyokamilika mwaka 1838, yenye lenzi ya upana wa sentimita 30 hivi. Enzi zake ilihesabiwa miongoni mwa darubini kubwa za lenzi duniani.

Wako wasemao: ya nini kupigwa baridi, na picha za sayari zimejaa kwenye simu? Hoja hii haina nguvu. Picha hukuonyesha alichokiona mwingine. Darubini hukupa ushahidi wako mwenyewe. Mtazame Mshtarii, na ubavuni pake utaona vidoa vya mwanga, hadi vinne, vilivyojipanga karibu katika mstari mmoja. Ndiyo miezi aliyoiona Galileo Januari 1610. Vichore kwenye karatasi, urudi usiku mwingine, nawe utakuta vimehama, kwa kuwa ule ulio karibu zaidi na sayari kati ya hiyo minne, Io, huizunguka kwa saa 42 na ushei. Mtoto aliyechora hayo kwa mkono wake hahitaji kuapiwa kwamba si kila cha angani kinaizunguka dunia.

Hata hivyo, kutazama peke yake hakutoshi. Kwa darubini hiyo hiyo ya Northumberland, mwaka 1846, James Challis aliisaka sayari mpya iliyokisiwa na wanahisabati. Mwezi Agosti aliinakili mara mbili akidhani ni nyota, wala hakuyalinganisha maandishi yake yote kwa wakati. Tarehe 23 Septemba, huko Berlin, Johann Galle alishika hesabu za Mfaransa Le Verrier, akalinganisha anga na ramani mpya ya nyota, akaipata usiku ule ule alioanza kuitafuta. Ndivyo Neptuni ilivyojulikana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; Challis anatufunza kwamba hata mwenye daftari hupoteza asipolisoma.

Basi nendeni, wazazi kwa wanafunzi. Vaeni nguo nzito, maana kuba halipashwi moto: joto likipanda, hewa hutetema na sura ya nyota huvurugika. Zimeni simu, kwani jicho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa mara moja huharibu mazoea hayo. Zamu yako ikifika, usiondoke upesi. Tulia, tazama tena, uliza, kisha andika ulichokiona.

Nanyi mtakaorejea nyumbani, rejeeni na desturi hii. Msalaba wa Kusini, unaoonekana Mombasa na Dar es Salaam, hauchomozi kamwe katika anga ya Cambridge. Kwetu, karibu na ikweta, tumejaliwa kuziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Neema kama hiyo haifai kulaliwa. Wakuu wa vyuo vyetu, palipo na darubini, hata iwe ndogo, tengeni usiku mmoja kila mwezi, muwaite watoto wa mitaa ya jirani, na kila mmoja apewe karatasi na penseli.