Kumbukumbu ya Kasongo imehifadhiwa Zanzibar. Kasongo yenyewe inangoja nini?

Mbweni ni mtaa wa pembeni, kilomita chache kusini mwa mji wa Zanzibar, karibu na njia ya uwanja wa ndege. Hapo kuna kanisa la Anglikana la Mtakatifu Yohana, parokia ndogo yenye kuta za mawe ya matumbawe, mnara na makaburi pembeni. Lilikamilika mwaka 1882. Mkaaji wa Kasongo au Kabambare anaweza kusema halimhusu. Lakini waliojengewa kanisa hilo walikuwa watu walioachwa huru kutoka utumwani, na moja ya njia zilizowaleta watumwa pwani ilianzia Maniema.

Wamisionari wa Anglikana walinunua shamba la Mbweni mwaka 1871. Watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walipewa nyumba na kipande cha ardhi cha kulima. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ilifunguliwa, na kuanzia mwaka 1877 iliongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Leo magofu ya shule hiyo yanatunzwa, wageni wanakwenda kuyaona, na kanisa bado linasali.

Mjini kwenyewe, Mkunazini, kuna kanisa kuu lililojengwa juu ya soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia sahihi Juni 1873. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Paa lake ni kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, bila nguzo katikati ya ukumbi. Altare imewekwa mahali panaposimuliwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Msalaba mmoja humo umechongwa kutoka mti wa Chitambo, Zambia, ambao chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873.

Hapo ndipo hadithi inarudi Kabambare. Livingstone alifika huko Septemba 1869, akakaa muda mrefu, miguu ikiwa na vidonda. Kutoka Kabambare akaenda Nyangwe, kwenye mto Lualaba, na tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Habari za mauaji hayo zilipofika Uingereza, zilisaidia kuisukuma serikali ya huko kumbana Sultani hadi mkataba wa 1873. Kwa maneno mengine, damu ya wanawake wa Maniema ni moja ya sababu za soko la Mkunazini kufungwa, na za kanisa lile kuwa pale lilipo. Zanzibar wanalisimulia jambo hilo kwa mgeni kila siku. Nyumbani kwa wale wanawake, mtoto anaweza kumaliza shule ya sekondari bila kulisikia.

Si kwamba Kasongo haina cha kuonyesha. Kasongo ya zamani, Tongoni, ndiyo iliyokuwa makao ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, kuanzia miaka ya 1870. Jina lenyewe linaeleza: tongo ni mahame, mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa. Misafara ya pembe na watumwa ilitoka pale, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ikaendelea Tabora na Bagamoyo. Si wote waliokamatwa waliofika pwani. Wengi walibaki njiani, wakawa wapagazi, askari na wakulima wa mabwana wao. Ndiyo maana hadi leo kuna Wamanyema Ujiji, na ndiyo maana Kiswahili kinasemwa Kasongo, kikaitwa Kingwana.

Aprili 1893 majeshi ya Leopold wa Pili chini ya Dhanis waliiteka Kasongo. Januari 1894 ikawa zamu ya Kabambare. Mji ulihamishwa, Tongoni ikabaki porini. Wanaakiolojia wa Kongo na wenzao wa nje wamechimba pale na kukusanya masimulizi ya wazee, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020 katika jarida la Antiquity. Kwa hiyo wasomi wa mbali wanaijua Tongoni. Inayobaki ni wenyeji na serikali yao kuipa nafasi yake.

Kuna wanaosema huu si wakati. Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ni mateso wakati wa mvua, vikundi vya silaha vimewahamisha watu, na dhahabu ya Salamabila inatoka bila vijiji kuona mabadiliko. Wana haki kusema hivyo, na hakuna anayeomba fedha za barabara zipelekwe kwenye magofu. Lakini kuzungushia uzio mahali, kuweka kibao, kupiga picha nyumba za zamani na kuandika maneno ya wazee si kazi ya mabilioni. Na wazee hawangoji barabara. Kila mwaka wengine wanazikwa na walichokijua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika mtaa mmoja wa Kasongo, mjukuu wa aliyeuza na mjukuu wa aliyeuzwa wanachota maji kwenye kisima kimoja. Neno mtumwa bado linaweza kuvunja ndoa. Wengine wanaogopa kwamba kumbukumbu itageuzwa kuwa silaha dhidi ya Waislamu, ambao ni wengi Kasongo kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Hofu hiyo isipuuzwe. Hata kanisa la Mkunazini lina kasoro yake: kwa muda mrefu lilimtukuza mkombozi Mzungu kuliko lilivyomtaja aliyefungwa minyororo. Ni mwaka 1998 tu ndipo sanamu za watumwa, zikiwa na minyororo shingoni, ziliwekwa kwenye ua wake.

Kasongo inaweza kufanya vizuri zaidi kuliko hapo, kwa kusema yote. Iseme kwamba wapo machifu wa Kiafrika waliouza watu. Iseme kwamba Leopold aliyejiita mpinga utumwa alileta kazi ya lazima na mjeledi. Iseme pia kwamba waungwana walileta mpunga, ufundi wa kujenga, kusoma na kuandika, na lugha ambayo leo Mkristo na Mwislamu wanasalimiana nayo. Ukweli ukikamilika, hakuna upande mmoja unaobaki kubebeshwa aibu peke yake. Ukifichwa, kila familia inabaki na nusu yake na kuitumia siku ya ugomvi.

Viongozi wa dini ndio wenye uwezo wa kuanza. Kasongo ni makao ya dayosisi ya Katoliki tangu 1959, ina misikiti ya tangu zamani, na Waprotestanti na Waanglikana wapo Maniema. Wakikaa meza moja na wakuu wa teritware zote mbili, na waalimu wa historia, wanaweza kutoa orodha ya majengo na mahali pa kulindwa kabla bati jipya na matofali mapya havijafuta kila alama. Serikali ya mkoa, kule Kindu, ingeombwa jambo moja tu la mwanzo: amri ya kuilinda Tongoni, ili asije mtu kupewa hati ya shamba juu yake.

Mbweni ilianza na shamba, nyumba chache na kanisa dogo la pembeni. Halikuwa jengo la fahari, na bado miaka zaidi ya 140 baadaye linaweza kumwambia mgeni nani alikaa pale na kwa nini. Tongoni inastahili angalau hilo, na wanawake wa soko la Nyangwe wanastahili kutajwa katika nchi yao.