CD ya Mkono wa Pili Haimwibii Mtu

Septemba ikielekea kuisha, EA hutoa gemu yake mpya ya mpira, na komredi wa Maseno aliye na ya mwaka jana huanza kuitafutia mnunuzi mbio mbio kabla bei haijaanguka. Picha inatupwa kwenye grupu la WhatsApp, CD ikiwa juu ya kitanda cha hosteli, na maelezo ni mafupi: haina mikwaruzo, bei maelewano, tuma na ya kutoa. Sisi biashara hii tunaikuta kwenye malipo tu, lakini tumeiangalia vya kutosha hadi tukawa na msimamo. Kampuni zinazotoa gemu zimelalamikia CD za mkono wa pili kupita kiasi, na anayelipia malalamiko hayo ni yuleyule anayenunua gemu mpya.

Malalamiko yenyewe si ya bure. CD si kama shati la mtumba pale Kibuye. Shati hufifia, kola ikachakaa, hatimaye likawa tambara la kupangusia meza. CD ikitunzwa, mtu wa tano anacheza gemu ileile aliyocheza wa kwanza, goli kwa goli. Kampuni iliyolipa mamia ya wafanyakazi kuitengeneza imepata pesa mara moja, na wale wanne waliofuata hawakuitumia hata ndururu. Ukiishia hapo, utawaonea huruma.

Ila usiishie hapo, piga hesabu. Tuseme CD mpya ni sh 8,000 (huu ni mfano tu, bei hubadilika). Unaicheza miezi kadhaa, unaiuza sh 4,500. Gemu imekugharimu sh 3,500, na hiyo 4,500 sasa iko kwa simu ikingoja mpya itoke. Wengi hawana sh 8,000 za kuweka kwa gemu moja kila mwaka. Walicho nacho ni 3,500 ya kuongezea juu ya pesa ya CD ya zamani. Kwa hivyo yule mnunuzi wa pili, anayeitwa mwizi huko ng'ambo, ndiye aliyemsaidia wa kwanza kufika dukani. Mwondoe, na mauzo mengi ya gemu mpya yataondoka naye.

Mwenye kibanda cha PS anaijua hesabu hii kuliko sisi. Yeye hulipwa kwa mechi, na wateja wake hawataki kucheza na kikosi ambacho mchezaji alishahama timu. Lazima anunue mpya mapema. Asipoweza kuiuza ile ya zamani, atachelewa kununua, ama atapandisha bei ya mechi, na vijana watahamia kibanda kingine. CD aliyoiuza inaenda hosteli, ikitoka hosteli inashuka Luanda kwa jamaa mwenye PS4 iliyochoka, na kila ikihama inampata mtu ambaye hangenunua mpya hata kwa kushikiwa panga. Kwa huyo wa mwisho kampuni haijapoteza chochote. Imepata mchezaji mpya, ambaye akipata kazi huenda akawa mteja wao.

Kampuni zimejaribu kila njia. Mwaka 2010 EA ilianza kuweka namba ya siri ndani ya kasha jipya, na aliyenunua CD iliyotumika alilazimika kulipa tena ili acheze mtandaoni. Wateja walichukia, na 2013 mpango ukafutwa. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza masharti ya kubana uuzaji na uazimaji wa gemu za Xbox One. Sony ikatoa video fupi sana ya kuonyesha jinsi ya kumpa mwenzako gemu ya PS4: mtu mmoja anamkabidhi mwingine kasha, basi. Kabla Juni haijaisha Microsoft ilikuwa imerudi nyuma. Mahakamani nako hawakufua dafu upande wa CD. Japani, nyumbani kwa PlayStation, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2002 kwamba kuuza gemu zilizotumika ni halali.

Walipofanikiwa ni kwa kuiondoa CD yenyewe. PS5 ilipotoka mwaka 2020 kulikuwa na aina isiyo na sehemu ya kuingiza CD, na PS5 Pro ya 2024 haina kabisa, unainunua kando. Gemu ya kupakua huwezi kuiuza. Ufaransa, mahakama ya Paris ilisema mwaka 2019 kwamba wateja wa Steam wana haki ya kuuza gemu zao za kupakua, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikaitupa hukumu hiyo.

Hapa tuseme wazi: gemu ya kupakua inatufaa sisi. Kila anayeinunua anapitisha pesa kwenye simu, ilhali CD inaweza kubadilishana mikono pale steji ya Maseno kwa noti. Hata hivyo hatuwezi kukuambia ni kitu kilekile. Kama CD ya sh 8,000 itakurudishia 4,500, basi gemu ya kupakua isiyorudisha kitu ingefaa iuzwe karibu na sh 3,500. Ikiwa mpya huuzwa hivyo? Kwa kawaida hapana. Bei yake hukaribiana na ya CD mpya, na wewe umebaki bila cha kuuza. Tena duka la mtandaoni linaweza kuondoa gemu wakati wowote. Mkataba wa EA na FIFA ulipokwisha, FIFA 23 na zilizotangulia ziliondolewa kwenye maduka hayo mwaka 2023. Leo ukiitaka FIFA 23 ya PS4, tafuta CD.

Jambo lingine ni kwamba PlayStation haijafungua duka rasmi la Kenya. Watu wengi hapa hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, kisha wananunua vocha kwa wauzaji wa mitandaoni na kulipa kwa simu. Vocha lazima ilingane na nchi ya akaunti. Ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani, na ukishatumiwa namba zake, muuzaji hana sababu ya kukurudishia pesa. Uliza nchi kabla ya kulipa.

Mbaya zaidi ni wanaouza akaunti nzima yenye gemu kumi kwa bei ya moja. Usiguse. Sheria za Sony haziruhusu, na aliyekuuzia bado ana barua pepe aliyofungulia, anaweza kubadilisha neno la siri wiki ijayo akakufungia nje. Sisi tunaweza kushughulikia pesa iliyotumwa kwa namba isiyo sahihi. Lakini pesa uliyomtumia kwa hiari mtu uliyemkusudia ni kesi ngumu sana, hasa akishaitoa.

Kwa CD, kutaneni. Kutoka Kisumu hadi Maseno ni safari fupi ya matatu, hakuna sababu ya kutuma arubuni kwa mtu usiyemjua eti akutumie mzigo. Geuza CD kwenye mwanga, na mkiweza iwekeni kwenye mashine, kibanda cha jirani hakitakataa. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka PIN liwe la huyo aliyesimama mbele yako. Na fungua kasha kwanza, maana siku hizi makasha mengine huja na karatasi ya namba tu bila CD, na namba ikishatumika umenunua plastiki.